Nilivyoing'arisha Bressandi ya Mwisho

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimeshafungua injini nikakuta panya na watoto wake sita wamelala juu ya pistoni, wazima. Nimeshaletewa pikipiki na kijana aliyetia mafuta ya kukaangia badala ya oili, nilipomuuliza akasema kwani mafuta si mafuta. Nimeshamwona bwana mzima wa Kiingereza, tai shingoni, analia mbele yangu kwa sababu nimemwambia kabureta yake haiponi. Miaka ishirini na nane nimekaa katika gereji chini ya tao la reli, Sparkhill, nyuma ya Stratford Road, treni zinanipita kichwani, na kila asubuhi nikifungua kufuli nilikuwa najua hakuna jipya litakaloingia mlango ule.

Nasema haya mwanzo ili mnijue. Jina langu Suleiman Faki. Skuli niliiacha darasa la tano, Chake Chake, na sikuwahi kujuta, maana waliomaliza skuli waliniletea mimi pikipiki zao. Nilikuja mji huu na begi moja na bisibisi tatu. Leo nina nyumba Hodge Hill, imekwisha kulipwa, nina binti mwenye digrii, na kwa miaka mingi mtu yeyote nchi hii mwenye Bressandi mbovu aliambiwa: ipeleke kwa Sule, Birmingham. Walikuja mpaka kutoka Scotland. Sijisifu. Waulizeni.

Nimeacha kazi na miaka hamsini na sita kwa ajili ya vidole. Mashine za kusaga chuma zinatikisa mkono, unacheka nazo miaka ishirini, halafu siku moja ya baridi unaona vidole vimekuwa vyeupe kama mishumaa na nati huisikii. Vaeni glavu. Mimi niliambiwa, sikuvaa.

Sasa nina wakati wa kukaa, na kila nikikaa nakaa na jambo moja. Ndilo ninalokuandikieni nyinyi vijana wetu wa hapa, mnaosikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, mnaokuja kuniuliza ufundi unaanzia wapi. Niliachiwa pikipiki moja nimpelekee bibi mmoja Italia. Bibi alikuwa na miaka themanini na sita, na alikuwa anaisubiri. Nilimpelekea. Lakini kile alichokuwa anakisubiri nilikuwa nimekiondoa kwa mkono wangu, na hakuna fundi duniani, hata mimi, wa kukirudisha.

Binti yangu Zuwena, ambaye atapiga chapa maandishi haya na nimemkataza kuyarekebisha, anasema vijana hamjui Bressandi ni nini. Basi nikuambieni.

Walikuwa ndugu wawili wanaotengeneza pampu za maji za mashamba ya zabibu, katika bonde moja kaskazini ya Italia. Daktari wa pale alikuwa mnene na milima ile mirefu, baiskeli imemshinda. Ndugu mdogo akachukua injini ya pampu akaifunga kwenye baiskeli ya daktari. Daktari akapanda mlima mpaka juu kabisa, mji mzima unapiga makofi, lakini breki hakuna aliyezifikiria, akashukia ndani ya shamba la mtu. Hivyo ndivyo kampuni ilivyoanza. Vikaja vita, kiwanda kikachukuliwa kutengeneza makombora. Vita vikaondoka vikaacha watu hawana viatu wala petroli, na Bressandi wakatoa kipikipiki kinachokunywa kama kuku: tone moja, kinaangalia juu, tone jingine. Nchi nzima ikapanda. Wakaingia mashindanoni, wakashinda. Kiwanda kikawa na mamia ya watu, na king'ora, na kantini, na timu yake ya mpira.

Halafu magari madogo yakawa rahisi. Mtu ana mke na watoto wawili, mvua inanyesha, utamwambia nini kuhusu pikipiki? Wana wa wale ndugu wakagombana. Mmoja akauza fungu lake, aliyenunua fungu akauza mashine, aliyenunua mashine akataka na majengo. Wafanyakazi wakapungua, wakapungua, wakafika thelathini na tisa. Kisha kufuli.

Leo jina limebaki, linauzwa peke yake. Nililiona limeshonwa kwenye jaketi, duka moja la mjini. Nikamuuliza kijana muuzaji kama anajua Bressandi ni nini. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Ni brandi, anko. Jina la nguo."

Historia hii nilikuwa nikiwasimulia wateja huku mikono inafanya kazi. Niliisimulia vizuri kuliko aliyenisimulia mimi, na yeye alikuwa mmoja wa wale thelathini na tisa.

Huyo ni Renzo. Mimi nilimwita Fundi, kwa Kiswahili, na yeye akalipenda. Kiwanda kilipofungwa alikuwa kijana. Aliambiwa Birmingham ndio mji wa pikipiki, akaja. Na kweli ulikuwa, ila alipofika na viwanda vya hapa vikaanza kufungwa kimoja kimoja. "Sule," alikuwa akiniambia, "nilitoka mazishini nikakimbilia harusini. Kufika, nakuta ni mazishi mengine, na chakula kibaya zaidi."

Nilipomwendea kuomba kazi nilikuwa naosha vyombo katika mkahawa mmoja hapo Stratford Road. Nilimwambia najua kila kitu, maana kwa mjomba wangu Chake nilikuwa nimefungua skuta za Kitaliano tangu sijaota ndevu. Hakubishana. Akanisukumia sanduku la vyuma, injini nzima imo humo vipande vipande, akasema, "Ifunge." Nikaifunga kwa saa mbili. Ikabaki washa moja, kile kipete cha kukaa chini ya nati. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikaitia mfukoni. Renzo alikuwa amenipa mgongo anakunywa chai. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Nipe."

"Nini, Fundi?"

"Injini haitoi zawadi. Nipe, uanze upya."

Miaka kumi na mmoja nilifanya kazi chini yake, kisha kumi na saba nikawa nalipia kodi mimi, na yeye anakuja kukaa tu. Alinifundisha vitu ambavyo hamvipati kwenye simu. Ukifungua injini, chora umbo lake kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, kila bolti ichome mahali pake, hata ukija baada ya mwezi boksi litakukumbusha. Ukitaka kujua valvu ipi inagonga, weka ncha ya bisibisi juu ya injini na mpini wake sikioni, ufumbe macho. Ukitaka kupanga moto wa plagi, tia karatasi ya sigara kati ya zile platini mbili zinazogusana na kuachana kukata umeme, uivute kwa upole kama unayemvuta mtoto nguo asiamke, huku unazungusha injini. Pale karatasi inapoachia ndipo penyewe. Kijana mmoja alikuja na kompyuta kunionesha nimekosea. Tukapima. Tukapima tena. Akaifunga kompyuta yake akaniuliza sigara gani.

Renzo hakuvuta sigara maisha yake yote. Karatasi alikuwa akinunua kwa kazi, na muuza duka akimdhania mambo mengine.

Neno moja tu la Kiswahili alilitaka akalitumia sawasawa: bado. Nimemaliza kuunga breki, nafuta mikono, ananisogelea, anainama, anatazama, "Bado." Kazi ikiwa nzuri hakusema neno, aliondoka tu. Nilijifunza kuufurahia mgongo wake.

Nyuma kabisa ya tao, chini ya blanketi la kijivu, kulikuwa na Bressandi moja ambayo haikuwa ya mteja. Haikuwa na namba kwenye fremu wala kwenye injini. Renzo haiendeshi, haiuzi, na haruhusu mtu kuiosha. Alikuwa mtu msafi, spana zake zinalala kwa mstari kama samaki wa mnadani, lakini chini ya tangi la pikipiki ile kulikuwa na grisi nyeusi, nzito, imeganda kama lami. Nilimwambia mara nyingi niisafishe. "Acha," alisema.

Saa ya chai, siku nyingine, alikuwa anaanza. "Siku ya mwisho, Sule, tulipokuwa hatuna tena la kufanya..."

Na mimi nadakia. "Mkakusanya vipuri vilivyobaki mkaunga pikipiki moja, haimo kitabuni, haina namba. Mkapiga kura, ukaipata wewe. Najua, Fundi."

Ananiangalia, anatabasamu, anarudi kwenye kikombe chake. Wateja wakiwepo ndio kabisa. Yeye anasema maneno matano, mimi naichukua hadithi naimalizia kwa mbwembwe, na wao wanacheka upande wangu. Yamepita hivyo mara ngapi? Ishirini, labda zaidi. Kila mara alikuwa na sentensi moja mbele, na kila mara niliikata mimi, kwa sababu historia ile niliijua.

Alipougua, aliugua haraka. Nilikwenda kumtazama hospitali kila siku baada ya sala ya alasiri, nampelekea supu ambayo hainywi. Siku moja alinishika mkono.

"Ile pikipiki. Mpelekee Ines."

Bi Ines ni dada yake mkubwa. Naye alifanya kazi Bressandi, kwenye rangi. Ndiye aliyekuwa akichora ile mistari ya dhahabu ubavuni mwa matangi, kwa brashi ya nywele chache, kwa mkono mtupu. Alibaki kule kule bondeni. Mji wao ulikuwa umeichukua kantini ya zamani ya kiwanda kuifanya chumba cha kumbukumbu, lakini cha kuweka hawakuwa nacho. Jengo lilipouzwa makaratasi yote yalitupwa, hata daftari la wafanyakazi. Bi Ines alikuwa anaandika kila mwaka: Renzo, leta pikipiki, tunazeeka.

"Kama ilivyo, Sule," akaniambia. "Umenisikia? Kama ilivyo."

"Nimesikia, Fundi."

"Chini ya tangi..."

"Grisi. Najua. Nitaishughulikia, usitie shaka."

Akafumba macho. Nilidhani amefumba kwa sababu ameridhika. Siku ya nne akafa.

Sasa nisikilizeni hapa, maana huku ndiko nilikopotelea, na si kwa uvivu wala dharau. Kwetu sahani ya jirani hairudi chafu, wala hairudi tupu. Mama akiletewa mkate wa kumimina, ile sahani ataiosha, ataifuta, ataitia japo ndizi mbili, ndipo atakutuma. Nilipokuwa na miaka saba nilirudisha bakuli la Bi Mize lina ukoko wa wali. Mama akanirudisha nalo kwa mkono, nikaliosha mbele ya Bi Mize mwenyewe, machozi yanachuruzika, na Bi Mize anasema jamani mwacheni mtoto. Kitu kama hicho hakikutoki. Umevuka bahari, umekuwa na vani yako na jina lako, hakikutoki.

Basi mtu aliyenifanya niwe mtu amekufa. Kaniachia amana nimpelekee dada yake. Nimpelekee na vumbi, na kutu, na grisi ya miaka hamsini? Bibi wa watu aseme mdogo wangu alikaa na watu gani huko? Nilisema nitairudisha sahani hii kwa namna ambayo bonde lile halijapata kuona. Nilisema hivyo kwa sauti, peke yangu, chini ya tao.

Nilifanya kazi miezi mitatu, vidole vimeshaanza kufa. Jumamosi Zuwena alikuja kunisaidia. Ana kazi yake duka la dawa, lakini mikono yake ni yangu. Siku tulipotoa tangi alisimama akaangalia ule uti wa fremu, ule ubamba mpana wa chuma unaopita chini yake, umejaa ile lami. Akapitisha kidole gumba. Akapitisha tena, lami ikabanduka kidogo.

"Baba," akasema, kwa Kiingereza chake, "hapa pana maandishi."

"Alama za kiwanda. Waliandika kwa penseli juu ya rangi ya kwanza. Namba ya kipande, zamu, basi. Kila fremu inazo."

"Hii si namba. Ni herufi. A, L..."

"Zuwena. Fundi hapa nani?"

"Wewe."

"Haya."

"Nipige picha tu, Baba, moja."

"Kamata huku kwanza, chuma kizito."

Akaitia simu mfukoni, akakamata.

Na nilichomwambia kilikuwa kweli. Fremu za Bressandi zina alama za penseli, nimeziona kwa mamia, hakuna mtu Uingereza anayezijua kama mimi. Ujinga ungenisaidia siku ile. Mjinga angeinama kusoma.

Fremu niliipeleka Winson Green, mtaa wa nyuma ya ukuta wa jela, kwa bwana mmoja anaitwa Desmond ambaye kazi yake ni kupiga vyuma mchanga kwa mashine ya upepo. Unampa chuma kina rangi na kutu na dhambi zote, anakurudishia cheupe kama mfupa. Desmond ana desturi ya kuuliza kila mteja swali moja kabla hajavaa barakoa.

"Chote?"

"Chote," nikamwambia. "Na tangi pia. Usiache hata doa."

Kisha nikapaka rangi, tabaka saba, kila moja nimeisugua kwa msasa wa maji. Kromu ikatiwa upya. Mistari ya dhahabu ya ubavuni ilikuwa imepinda mahali pamoja, karibu na goti la mpandaji. Nikachora mipya kwa tepu, imenyooka kama rula. Nilipomaliza nikaisukuma mpaka nje ya tao, jua la Birmingham likajitokeza, lile la dakika tano. Wenye maduka wakatoka kutazama. Muuza nguo wa jirani akasema, "Sule, hii hata iliyotoka kiwandani haikuwa hivi." Nikamwambia ndiyo maana yake. Sijapata kujiona mkubwa kama siku hiyo, na simwogopi mtu kusema nilistahili. Kazi ilikuwa safi. Hata Renzo angenipa mgongo.

Tulikwenda mimi na Zuwena, siku mbili na vani. Chumba kile cha kumbukumbu kilikuwa kikubwa, meza ndefu za kantini zimeachwa, kutani picha chache. Watu walikuwa wamejaa. Nilishangaa kidogo, pikipiki moja tu, lakini nikafikiri sifa zangu zimefika. Walikuwa watoto na wajukuu wa wale wafanyakazi. Mama mmoja alikuwa ameshika maua. Mzee mmoja alikuwa na lenzi ya kusomea, ndani ya kifuko cha ngozi.

Bi Ines alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mdogo, nywele zimesukwa kwa uangalifu. Kitaliano changu ni cha gereji, nilichokiokota kwa Renzo, lakini kinanitosha, na pale kiliponishinda Zuwena alitumia simu yake. Nikaondoa shuka. Watu wakasema aaa. Bibi akasogezwa, akaweka kidole kwenye mstari wa dhahabu, akakifuatisha polepole mpaka karibu na goti. Kidole kikasimama hapo.

"Hapa ulikuwa umepinda," akasema. "Aldo alinichekesha."

Aldo alikuwa mume wake, mjaribuji wa pikipiki pale kiwandani, marehemu siku nyingi.

Nikamwambia, Bibi, sasa umenyooka.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Toa tangi."

Bolti mbili tu. Nilizitoa kwa madaha, unajua tena watu wanatazama, nikaliinua tangi kama mpishi anayefunua sinia. Wote wakasogea. Mzee wa lenzi akasogea mbele ya wote, ameshaitoa kwenye kifuko. Na chini ya tangi kulikuwa na rangi yangu, tabaka saba, inang'aa mpaka Bi Ines aliona uso wake humo.

Akapitisha kidole gumba. Kule kule alikopitisha Zuwena.

"Wako wapi?" akauliza.

Sikuelewa. Au nilielewa kabla ya kuelewa. Zuwena akanong'ona, "Baba. Yale maandishi."

Siku ya mwisho, walipokuwa hawana tena la kufanya, waliunga pikipiki moja. Na kabla ya kuliweka tangi kila mmoja wao alichukua penseli akaandika jina lake pale, wote thelathini na tisa, wa rangi, wa mashine, mpishi wa kantini, mfagiaji. Halafu Renzo akapaka grisi juu, ili mvua isiwafute. Hiyo ndiyo sentensi niliyokuwa nikiikata. Pikipiki haikuwa na namba kwa sababu ilikuwa na majina, na daftari lilipotupwa, hakukuwa na mahali pengine duniani walipokuwa wameandikwa pamoja.

Ningetamani wangenipigia kelele. Mzee yule aliirudisha lenzi yake kwenye kifuko, akafunga kifungo.

Bi Ines alinishika vidole, hivi vilivyokufa. "Umefanya kazi nzuri," akasema. "Inang'aa." Na hakuwa ananidhihaki, vijana wangu. Alikuwa anamshukuru mgeni. Kisha akaniuliza, "Renzo hakukwambia?"

Nikasema, "Hakuniambia."

Zuwena aliniangalia. Alikuwa amekua chini ya tao lile, alikuwa amekunywa nasi chai. Mpaka leo hajanisuta. Nilikuwa nimewafuta watu thelathini na wanane waliokuwa wageni kwangu, na wa thelathini na tisa, aliyenipa mkate, nikamtwika kosa akiwa kaburini.

Bibi akataka kahawa. Akaanza kuwataja, na Zuwena akawa anaandika kwenye simu. Renzo. Aldo. Yeye mwenyewe, Ines. Akataja baba wa yule mama mwenye maua, na yule mama akaketi. Akafika kumi na saba. "Alikuwepo mwanamke mrefu," akasema, "kwenye mashine ya kutoboa. Aliimba. Alikuwa na kovu hapa." Akajigusa kidevu. Tukasubiri. Kahawa ikapoa. Jina halikuja.

Pikipiki imebaki kule. Msimamizi wa chumba ni msichana mwaminifu, hawezi kuandika asilokuwa na ushahidi nalo, na ushahidi ulikuwa umekwenda na mchanga. Kibao kinasema: Bressandi, imejengwa upya Birmingham. Maisha yangu yote nilitaka mji wetu huu uandikwe kwenye chuma cha Bressandi kwa ajili yangu.

Nilirudi Winson Green. Nilimwuliza Desmond mchanga ule aliopigia fremu yangu uko wapi.

"Mchanga nautumia mpaka unakuwa unga," akasema. "Halafu lori linauzoa. Kwani umepoteza nini, pete?"

"Majina."

Akavua barakoa yake, akanitazama, akanisogezea ndoo nikae.

Mimi bado ndiye fundi bora wa Bressandi niliyemjua baada ya Renzo. Hilo siliondoi. Lakini mkija kwangu kuuliza ufundi unaanzia wapi nawaambia kaeni, nyamazeni, mzee akianza kusema jambo mlilolisikia mara ishirini mwacheni afike mwisho, na nikimaliza kuwaambia naona mnavyotazama simu, na nyuso zenu zinasema najua, najua. Naijua sura hiyo. Siwalaumu. Sidhani kama kuna aliyewahi kuacha kwa kuambiwa.

Bi Ines amefariki baridi hii. Barua ilikuja kwa Zuwena, imeandikwa na yule msichana. Mpaka mwisho bibi alikuwa amefikia kumi na tisa. Yule mwanamke mrefu hakuwemo. Ishirini wamekwenda, na mimi ndiye mtu wa mwisho aliyekuwa na majina yao mkononi.

Watu wa pikipiki bado huniuliza, ile kazi ya Italia ilikula pesa ngapi. Wanataka kujua kromu, rangi, safari. Vyote hivyo nililipa na nimevisahau. Ninachokumbuka ni mlangoni kwa Desmond, kabla ya mchanga. Yeye alitaka hamsini. Nikamwambia fremu yenyewe ndogo, nimekuletea kazi miaka kumi, usinifanye mtalii. Tulivutana robo saa, mimi nacheka, yeye anatikisa kichwa, mpaka nikamshusha. Nilirudi Sparkhill napiga mluzi, nikamsimulia Zuwena nilivyomweza.

Nililipa pauni thelathini na saba na peni hamsini.